Saa za profesa nje ya lango la chuo

Profesa yeyote akiulizwa kama anaihudumia jamii, atajibu ndiyo. Ugumu uko kwenye swali la pili: kwa kiasi gani, na tujuaje? Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kilianza mwaka 2004 kuwauliza wahadhiri wake kila mwaka kwa hojaji ya mtandaoni.

Kazi ngumu ilikuwa imetangulia. Mwaka 1993 kamati ya chuo hicho ilikataa kuifanya kazi na jamii kuwa fungu la pembeni. Ikasema ni usomi unaopenya ndani ya ufundishaji, utafiti na huduma. Basi kukaa kwenye vikao vya kitivo hakuhesabiwi, wala kuwahudumia wanataaluma wenzako katika chama chenu. Profesa wa fizikia anayeongoza kwaya ya kanisani anafanya jema, lakini hojaji haina habari naye, kwa kuwa hapo hatumii taaluma yake. Akiwafundisha walimu wa sekondari kuunda vifaa vya maabara, anahesabiwa. Kwangu mpaka huo una thamani kuliko hojaji nzima. Fomu ya kupandishia vyeo yenye kisanduku kimoja cha "huduma" humeza kila kitu, kuanzia ujumbe wa kamati hadi kisima cha kijiji.

Hojaji yenyewe inauliza sehemu gani ya muda wako ilikwenda huko, kwa suala lipi, mahali gani, na fedha gani za nje zilipatikana. Kisha muda huo hugeuzwa kuwa dola kwa kuulinganisha na mshahara. Wakuu wa vyuo huipenda tarakimu ya namna hiyo, maana inasomeka vizuri mbele ya wanasiasa wanaogawa bajeti. Mimi inanitia shaka. Saa moja ya profesa mkongwe aliyetoa mhadhara ukumbini inakuwa nzito kuliko saa ya mhadhiri kijana aliyeshinda matopeni na wakulima. Na asiyejaza hojaji hatujui kama hakufanya lolote au alikuwa hukohuko matopeni.

Uingereza ilipita njia nyingine. Tathmini yake ya utafiti ya 2014 iliupa mchango wa utafiti nje ya vyuo asilimia 20 ya alama, na ile ya 2021 ikaupa 25. Vyuo viliandika simulizi fupi, kila moja na ushahidi wa kilichobadilika. Lakini anayepimwa huko ni idara, nayo huchagua simulizi zake bora. Kuhusu wahadhiri waliobaki, kimya. Michigan inajua nani alitoka nje ya lango. Uingereza inajua wachache walileta nini.

Chuo chetu kikitaka kuiga, ningeanza na ule mpaka wa 1993, dola ningeziacha. Halafu ningeongeza karatasi moja ya kujazwa na mwalimu, mkulima au muuguzi aliyefuatwa: profesa alikuja mara ngapi, mlikubaliana nini, kipi bado kinatumika. Na karatasi hiyo isipitie mikononi mwa profesa.