Waraka wa Dignitas Personae na Machozi ya Nyumba Zisizo na Watoto

Mwaka 2008 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikano ilitoa waraka uitwao Dignitas Personae. Aya yake ya 17 inakataa njia moja ya kutungisha mimba ambayo ni tegemeo la wengi waliojaribu kutungisha mimba nje ya mwili wakashindwa. Katika utaratibu wa kwanza, yai huwekwa chomboni pamoja na maelfu ya mbegu za kiume, ikangojewa mbegu moja iingie yenyewe. Mara nyingine haiingii hata moja. Katika njia hii ya pili, iliyotangazwa na wataalamu wa Brussels mwaka 1992, mbegu moja huingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba ya kioo.

Tunakubaliana na waraka huo katika jambo moja zito: viinitete vinavyobaki, vikagandishwa na kutupwa, havipaswi kufanywa takataka. Hatukubaliani nao unapofundisha kwamba sindano ya tabibu huutenga uzazi na tendo la ndoa. Mume na mke waliovumilia miaka, gharama na aibu hawakuliacha agano lao mlangoni pa maabara.

Lakini liko kosa kubwa zaidi, nalo ni letu pia sisi Walutheri. Waraka wenyewe unakiri kwamba njia hii hutumika sana kwa kuwa huushinda ugumba wa mwanamume, kisha unalipita neno hilo upesi. Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, kama vile Kwamsisi, neno hilo ndilo lingepaswa kuhubiriwa. Nyumba ikikosa mtoto, anayeulizwa ni mke. Ndiye azungushwaye kwa waganga, hata pengine kurudishwa kwao. Nasi wachungaji humfariji kwa kisa cha Hana, tukisahau kwamba Elkana alikwisha kupata watoto kwa Penina. Mume wa usharikani kwetu hajapimwa.

Kwa hiyo yatupasa kutubu kabla ya kuihukumu sindano. Mchungaji aombwaye kuliombea tumbo la mke na amwite mume pia, awaombee wote wawili, kisha waende hospitali pamoja. Na hata tiba yote ikishindwa, kama inavyoshindwa kwa wengi, usharika uwatambue kuwa ni nyumba kamili mbele ya Mungu, na uitetee ndoa yao mbele ya ukoo.