Majina na Kazi za Ruta katika Hati ya PIM

Hati nambari 7761 ya Internet Engineering Task Force, iliyotolewa mwezi wa Machi 2016, yaeleza kanuni za PIM kwa makundi machache, yaani namna ya kuwafikishia ujumbe mmoja wasikilizaji waliotawanyika pasipo kuusumbua mtandao mzima. Imechukua mahali pa hati 4601 ya mwaka 2006, na kuondoa mambo yaliyokosa watumiaji wa kutosha. Upunguzaji huo wastahili sifa. Walakini majina ya wenye kazi yameachwa yalivyokuwa, na hayalingani na kazi zenyewe.

Ruta ya makutano haina lawama kubwa. Ruta ya upande wa wasikilizaji haimjui msemaji, wala ya upande wa msemaji haiwajui wasikilizaji. Zote mbili huijua hiyo moja, mfano wa wageni wawili wenye mwenyeji mmoja. Ujumbe ukisha kufika, ruta ya wasikilizaji yaweza kuomba njia fupi ya kwenda kwa msemaji moja kwa moja. Basi makutano hayo mara nyingi ni ya kujuana tu.

Utata uko katika ruta teule. Penye ruta kadhaa katika mtandao mdogo mmoja, huteuliwa moja kwa salamu ambazo kwa kawaida hupelekwa kila sekunde 30: yenye cheo kikubwa hushinda, na vyeo vikilingana, yenye anwani kubwa. Hadi hapo maneno ni safi. Lakini jina hilo moja limetwikwa mizigo miwili. Kwa msemaji, ruta teule huzifunga pakiti katika ujumbe wa Register na kuzipeleka kwenye makutano, mpaka iambiwe iache. Kwa wasikilizaji, hupokea maombi yao na kuomba kuungwa na mti. Ya kwanza ni tarishi, ya pili ni karani. Tarishi akikosea, wasikilizaji wa kila mahali waweza kukosa ujumbe. Karani akikosea, hukosa watu wa mtandao wake tu. Fundi aambiwaye usiku kwamba ruta teule ina hitilafu hana budi kuuliza kwanza: teule ya nani?

Tena kuna mashindano ya Assert. Ruta mbili zikimwaga ujumbe ule ule katika mtandao mmoja, hushinda ile yenye njia bora ya kufikia chanzo, nayo ndiyo itakayopeleka, ijapokuwa si teule. Hivyo teule yaweza kubaki na cheo, kazi imekwenda kwa jirani. Hati yalisema hilo kwa usahihi, lakini ndani ya kanuni zilizoandikwa mfano wa hesabu, ambako msomaji mgeni hafiki upesi. Maelezo ya awali ya hatua tatu ni mazuri mno, ingawa hati yenyewe yakiri kwamba hatua hizo zaweza kutokea kwa pamoja.

Mwezi wa Agosti 2020 hati 8815 ilishauri kwamba baina ya mitandao ya wenyewe mbalimbali msikilizaji amtaje msemaji wake tangu mwanzo. Kwa mtindo huo makutano hayahitajiwi, Register haipelekwi, na ruta teule yabakiwa na kazi moja, ile ya karani.