Pongezi kwa Mafundi wa Grogan

Raba inayofunika sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kwenye gurudumu, ikichanika, gari huendelea kwenda kana kwamba halina tatizo. Grisi hurushwa nje kwa mzunguko wa gurudumu, vumbi na maji huingia mahali pake, na gololi sita zilizomo ndani huanza kulika. Baadaye ndipo husikika ile "ka-ka-ka" unapokata kona.

Mafundi wa Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, wanastahili pongezi. Fundi mzuri wa pale hangojei sauti hiyo. Hupinda usukani hadi mwisho, akachungulia nyuma ya gurudumu, akapitisha kidole ndani ya rimu. Akikuta grisi imetapakaa, huuliza: limeanza kulia? Kama bado, hatakuuzia ekseli. Ataifungua jointi, aioshe, akague gololi moja moja pamoja na njia zake, ajaze grisi nyeusi ya molibdenumu, kisha avishe raba mpya na kukaza klipu zote mbili. Kumtisha mwenye gari ni rahisi mno, na kwa hiyo uaminifu huo nauheshimu kuliko hata wepesi wa mikono yao.

Jointi ikishalia, raba mpya haiiponyi. Hapo fundi hubeba ile ya zamani hadi dukani na kuhesabu meno, maana yakitofautiana hata kwa moja, mpya haitaingia.

Wenye magari, kila mnapobadilisha oili, mwombeni fundi azikague raba hizo, na mlipeni kwa kazi hiyo.