Pongezi kwa Mwenyekiti wa Kikao

Tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na hata baadhi ya waliotengwa na misheni kwa kuoa wake wengi wakajiunga, katika miaka ya 1930, na African National Church, nyanda za Mbeya na Iringa hazijakosa ndugu walioachana madhabahu ilhali wangali wakishirikiana mashamba na matanga. Na hapo ndipo ninapomstahi mzee mwenyekiti wa kikao cha kuwapatanisha ndugu hao, ambaye kwanza huwataka wasalimiane, kwa ugonile au kwa kamwene, kisha humruhusu kila mmoja kusimulia dhuluma aliyotendewa nafsi yake, wala si ya kusikia. Kazi hiyo haina ujira, na kwa rai yangu huzishinda hotuba nyingi za mimbarini. Mwenye kutukana hutolewa nje, ghadhabu ipoe, kisha huitwa amalize maneno yake.