Heko Wanaosoma Kabla ya Kulala

Pongezi ziwaendee wazazi wa Uingereza na kwingineko ambao, baada ya kazi za kutwa, huketi ukingoni mwa kitanda na kuwasomea watoto hadithi za Narnia kwa sauti. Mwandishi C.S. Lewis alivitoa vitabu saba vya hadithi hizo kati ya 1950 na 1956, kimoja kila mwaka. Cha kwanza kina sura 17 fupi. Moja inatosha usiku mmoja, ingawa mtoto atadai nyingine.

Kazi yenyewe si nyepesi. Msomaji hodari humpa simba Aslan sauti nzito isiyotisha, na yule Mchawi Mweupe sauti kavu. Msichana Lucy anapopenya kabatini kati ya makoti ya manyoya na kukanyaga theluji, msomaji hupunguza mwendo, akanyamaza kidogo, mtoto aisikie baridi mwenyewe. Mtoto wa miaka sita, asiyeweza bado kukisoma kitabu peke yake, hufuata kila kitu. Na Aslan anapouawa, mtoto hulia akiwa na mtu wa kumkumbatia. Kwa hilo tu wazazi hawa wanastahili shukrani. Wapo wanaomaliza vyote saba, kisha mdogo wa mtoto huyo akikua kidogo, wanaanza upya kwa moyo uleule.