Uhakiki wa Nadharia ya Uwakala kuhusu Motisha za Watendaji wa Benki: Mtazamo kutoka Mbinga na Ngumbo

Nadharia ya uwakala, kama ilivyofafanuliwa na Jensen na Meckling (1976), hupendekeza mtendaji mkuu apewe hisa ili masilahi yake yawiane na ya wamiliki. Katika sekta ya benki, tiba hiyo imetiliwa shaka. Fahlenbrach na Stulz (2011) walichunguza benki za Marekani. Hawakupata ushahidi kwamba uwiano huo ulizikinga wakati wa msukosuko wa fedha. Bebchuk na Spamann (2010) wanaeleza sababu: wanahisa wenyewe hunufaika na hatari kubwa, kwa kuwa sehemu ya hasara huwaangukia wenye amana na serikali.

Hoja hizo zina uzito, lakini zote zinapima motisha kwa bei ya hisa. Kipimo hicho hakifiki Mbinga. Mwezi Mei 2017, Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Mbinga Community Bank Plc kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikawa mfilisi. Haidaiwi hapa kwamba motisha za watendaji ndizo zilizoiangusha benki hiyo. Linalodaiwa ni kwamba mazingira yake yanafichua pengo la nadharia, nalo ni wakati.

Mkulima wa kahawa hukopa kabla ya mavuno na hulipa baada ya mauzo. Motisha inayokokotolewa kwa wingi wa mikopo iliyotolewa inaweza kulipwa kabla ubora wa mikopo hiyo haujajulikana. Bei ya kahawa ikishuka, wakopaji huyumba kwa pamoja, na mikopo chechefu hujitokeza wakati bonasi imekwishatumika. Mvuvi wa Ngumbo aliyeweka akiba yake katika benki ya namna hiyo hakuidhinisha mkopo wala hakupata gawio. Hata hivyo, mwaka 2017 bima ilimhakikishia shilingi 1,500,000 tu.

Kanuni za kimataifa za mwaka 2009 kuhusu malipo katika taasisi za fedha zinataka sehemu ya motisha icheleweshwe kulingana na muda wa hatari. Kwa benki ya vijijini, muda huo ni msimu wa mazao. Kwa hiyo, nadharia itafaa Mbinga iwapo tu itapima motisha kwa marejesho baada ya msimu, na kumhesabu mwenye amana miongoni mwa wanaobeba hasara.