Mkondo Unaoamua Moyo Ukae Wapi

Mwaka 1998 kundi la Nobutaka Hirokawa, Tokyo, liliizima kwa panya jeni ya KIF3B. Protini yake hubeba vifaa vya kujengea silia, vile vinywele vyembamba vya juu ya seli. Viinitete visivyo na silia vilipinda moyo kushoto au kulia ovyo, kama shilingi iliyorushwa. Kwenye viinitete vizima, shanga ndogo zinazong'aa zilizotiwa kwenye majimaji ya kishimo kilicho katikati ya kiinitete zilielea kwenda kushoto.

Ushahidi mzuri, lakini haukunitosheleza. Fundi akikata waya redio ikanyamaza, hajathibitisha kwamba sauti ilitoka kwenye waya huo.

Jibu lilikuja mwaka 2002. Shigenori Nonaka, Hiroshi Hamada na wenzao hawakuvunja kitu, waligeuza. Walivishikiza viinitete kwenye chumba kidogo, pampu ikasukuma majimaji kwenda kulia kwa kasi iliyoushinda mkondo wa asili. Viinitete vizima kabisa vikageuka, kushoto kukawa kulia. Mkondo wa pole haukufua dafu. Hata viinitete ambavyo silia zake hazichezi vilifuata upande wa pampu.

Lakini silia hizi huzunguka, na kitu kinachozunguka kinasukumaje maji upande mmoja? Silia za kile kishimo zimeinamia mkiani. Zikipita kuelekea kulia zinalala karibu na ngozi ya seli, na hapo maji yamenata; zikirudi kushoto zinasimama wima, zinayakumba vizuri. Ujanja wote ni kuinama huko.

Mkondo ukifika kushoto, protini iitwayo Cerl2 hupungua upande huo. Kazi ya Cerl2 ni kuibana protini ya ishara, Nodal. Ikilegea, Nodal inasambaa upande wa kushoto na kuwasha jeni yake yenyewe, hivyo tofauti ndogo inakuwa kubwa. Pamoja nayo inawasha mpinzani wake, Lefty, na Lefty iliyopo mstari wa kati huizuia isivuke kwenda kulia. Jeni ya Pitx2 inabaki ikiwaka kushoto, na viungo vinajipanga kwa kuifuata.

Kishimo kina silia mamia. Mwaka 2012 maabara ya Hamada ilihesabu ni ngapi lazima zizunguke ili kushoto kujulikane: mbili.